Maana ya Kufuta Diski kwa Usalama

Kufuta diski kwa usalama ni kuondoa yote yaliyomo ndani yake kwa namna ambayo hata mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili hataweza kuyasoma tena. Kitendo hiki ni tofauti kabisa na kufuta kwa kawaida, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi wanaouza kompyuta zao za zamani.

Faili linapofutwa na kapu la taka likamwagwa, kompyuta haigusi maandishi wala picha zenyewe. Huondoa tu kumbukumbu inayoonyesha faili lilipokaa, kisha ikaihesabu nafasi ile kuwa wazi. Ni kama mwenye gesti aliyefuta jina la mgeni daftarini ilhali mgeni mwenyewe bado amelala chumbani, naye atabaki humo hadi chumba apangiwe mwingine. Kuformati kwa haraka, yaani kuiandaa diski upya bila kuisafisha yote, nako hakuna nafuu kubwa. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuchunguza diski 158 walizonunua zikiwa zimeshatumika: kati ya 129 zilizokuwa bado zinafanya kazi, 12 tu ndizo zilizosafishwa ipasavyo, na katika nyingine walikuta barua za binafsi, taarifa za matibabu na maelfu ya namba za kadi za mikopo.

Kwa diski ngumu ya sumaku, dawa yake ni kuandika juu ya data ya zamani, yaani kuijaza diski nzima sifuri. Wapo wanaoshikilia kwamba ni lazima kurudia mara 35, idadi iliyotokana na makala ya mtafiti wa kompyuta Peter Gutmann ya mwaka 1996, ingawa yeye mwenyewe alikwisha kufafanua kwamba mizunguko hiyo ililenga aina mbalimbali za diski za wakati ule na kwamba hakuna diski moja inayoihitaji yote. Kwa diski ya kisasa, mara moja inatosha. Katika Windows, tangu toleo la Vista, kuformati kikamilifu huandika sifuri, mradi alama ya uformati wa haraka iondolewe. Na anayeirejesha kompyuta katika hali ya kiwandani hana budi kuwasha chaguo la kusafisha data, kwa sababu lisipowashwa mafaili hufutwa kijuujuu tu.

SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani za sumaku, ina mambo yake. Kidhibiti chake huhamisha data huku na huku ili chipu zisichakae upande mmoja, tena hutunza nafasi ya akiba ambayo mfumo endeshi hauioni, hivyo kuandika juu kunaweza kuacha masalia. Hapo hutumika amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya SSD yenyewe, ambayo kwa kawaida hutolewa kupitia programu ya mtengenezaji au BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Aliyewasha BitLocker (ya Windows) au FileVault (ya Mac), zinazoifunga data kwa ufunguo wa siri, tangu siku ya kwanza ana kazi nyepesi zaidi, kwani ufunguo ukiharibiwa, kinachobaki hakisomeki.

Diski iliyokufa, isiyopokea amri yoyote, haifutiki kwa programu. Hiyo hung'olewa kabla kompyuta haijauzwa, sahani zake za ndani zinazobeba data zikatobolewa. Na ikiwa ni SSD, zipondwe chipu zenyewe, maana kutoboa bodi pembeni kunaweza kuziacha zikiwa nzima.