Je, wajua kwa nini samaki aina ya mgebuka, hata akiwa ametoka tu kuvuliwa, huleta shombo akifuatiwa na mvinyo mwekundu?

Pale Kigoma mjini, wapenda chakula wakikusanyika mezani, mjadala wa kwanza ni wa samaki: mgebuka wa kukaanga, kuhe wa kuchoma, au sangara aliyeungwa kwa mawese? Chupa hufuata baadaye. Mwenzao mmoja amepitia duka la vinywaji akabeba mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, wa Dodoma. Tonge la kwanza tamu, funda la kwanza zuri. Kisha, punde tu baada ya kumeza, shombo inapanda kutoka kooni hadi puani na ulimi unabaki na ladha ya chuma.

Hapo anayelaumiwa kwanza ni mpishi. "Dada, huyu samaki ni wa jana." Lawama hii inafaa kupingwa kwa nguvu zote, maana inamwangukia mtu ambaye pengine alidamka alfajiri kwenda mwalo wa Kibirizi kuchagua samaki mwenye macho angavu na matamvua mekundu, aliyevuliwa usiku uleule kwa taa. Kuthibitisha hakuhitaji maabara. Chukua kipande cha samaki kutoka sahani ileile, ukitafune na kukimeza, halafu unywe maji. Shombo haipo. Kunywa mvinyo peke yake: haipo pia. Samaki aliyeharibika hunuka kabla hujamweka mdomoni, na hunuka hata kwa asiyekunywa chochote. Harufu hii huzaliwa pale tu viwili hivyo vinapokutana.

Wanaojua mvinyo kidogo huwa na jibu jingine: ni tanini, ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu unaobana ulimi. Ndiyo maana, wanasema, samaki ni wa mweupe na nyama ni ya mwekundu. Kanuni hiyo ni ya zamani na mara nyingi inafaa, lakini sababu inayotolewa haitoshi. Tanini hushikamana na protini za mate, mdomo ukakauka. Hilo ni suala la kuhisi ukavu, wala halielezi harufu. Zaidi ya hapo, wapo wekundu wanaokwenda vizuri na samaki, na wapo weupe wanaoleta shombo kali. Rangi ingekuwa ndiyo sababu, hilo lisingetokea.

Jibu lilipatikana Japani. Mwaka 2009, watafiti wa kampuni ya mvinyo ya Mercian walichapisha matokeo ya kuonja mvinyo wa aina nyingi, mwekundu na mweupe, pamoja na skalopu, kiumbe wa baharini mwenye makombe mawili kama chaza. Kilichoambatana na shombo kilikuwa madini ya chuma yaliyoyeyuka ndani ya mvinyo. Chuma kikizidi takriban miligramu 2 kwa lita, shombo ilijitokeza waziwazi. Walipoongeza chuma, ikapanda. Walipotia kitu kinachokishika chuma kisifanye kazi, ikashuka.

Lakini miligramu 2 ni kiasi kidogo mno. Kinawezaje kuharibu mlo? Fikiria rundo la magogo yenye nyufa, na shoka moja. Magogo ni mafuta ya samaki. Mafuta hayo ni laini sana, na hewa ya oksijeni hujipenyeza ndani yake tangu samaki anapotolewa majini, hata akiwa hajaharibika. Hizo ndizo nyufa. Gogo lenye ufa bado ni gogo: zito, limetulia, halitoi harufu. Shoka ni chuma cha mvinyo. Likipiga penye ufa, gogo linapasuka na vibanzi vinaruka. Vibanzi hivyo ni vijichembe vyepesi vya harufu, na pua ya binadamu huvinasa hata vikiwa vichache ajabu. Na shoka haliishi kwa kupasua gogo moja. Hugeukia la pili, la tatu, la kumi. Ndiyo maana chuma kidogo kinatosha, na ndiyo maana harufu huja baada ya kumeza: vibanzi vinaruka mdomoni mwako, kisha vinapanda puani kwa njia ya nyuma ya koo.

Wajapani walitumia skalopu wa bahari, hawakutumia mgebuka wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo kipimo cha miligramu 2 kisichukuliwe kama sheria ya mezani Kigoma. Kanuni yenyewe lakini inahusu mafuta laini, na samaki wa maji baridi wanayo. Kwa hoja hiyohiyo, dagaa waliokaushwa juani ndio wa kuangaliwa zaidi: mafuta yao yamekutana na hewa kwa muda mrefu, nyufa ni nyingi. Mawese si ya kuhofiwa sana, kwani sehemu kubwa ya mafuta yake ni magumu kushambuliwa na hewa.

Chuma cha kwenye mvinyo hutoka kwenye udongo, kwenye vumbi lililoganda juu ya zabibu na kwenye vyombo vya kutengenezea. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, hivyo mara nyingi hubeba chuma zaidi. Lebo haisemi lolote, na muuza duka hawezi kujua. Ukitaka kupunguza uwezekano wa shombo, Dodoma hulima pia zabibu za Chenin Blanc zinazotoa mvinyo mweupe. Ukiwa umeshafungua mwekundu, kamulia samaki ndimu ya kutosha: asidi ya sitriki hushika chuma, ingawa haikimalizi chote. Na kwa kuwa mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, chupa mbili zenye lebo moja zinaweza kutofautiana. Onja funda dogo na kipande kidogo cha samaki kabla ya kumimina glasi za wote, na ikipanda shombo, badilisheni chupa. Samaki wa dada mwacheni palepale mezani.