Ile Kumi ya Jirani Tunailipa Lini?

Nilikuwa ubaoni na darasa la tatu, nimeandika 52 − 27. Tukaimba kama ada: mbili toa saba haiwezekani, twende tukakope kwa jirani. Jirani ana tano, katupa moja, kabaki na nne. Kumi na mbili toa saba, tano. Nne toa mbili, mbili. Jibu ishirini na tano. Mkono ukanyooshwa kule nyuma: "Mwalimu, ile tuliyokopa tunailipa lini?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikafuta ubao. Nilikuwa nimefundisha hisabati miaka kadhaa na sikuwa na jibu.

Leo ningemjibu hivi: hatuilipi kwa sababu hatukukopa. Tulivunja. Ukiwa na noti ya elfu kumi na muuza nyanya anataka mia tano, huendi kukopa kwa mtu. Unaivunja noti yako mwenyewe, na pesa yako inabaki ileile, ila iko vipandevipande. 52 ni mafungu matano ya kumikumi na vijiti viwili pembeni. Ukifungua fungu moja unakuwa na mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Hesabu vijiti utakavyo: bado ni 52. Hakuna jirani aliyepungukiwa na kitu.

Mtoto aliyewahi kufungua fungu kwa mikono yake hapati taabu pale sifuri inapokaa katikati. Aliyekariri wimbo ndiye anayekwama. Nichukue 503 − 268, hesabu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inanionyesha nani anaelewa. Madaftari mengi yananiletea 365. Usilipige mkasi kabla hujaangalia limetoka wapi. Mtoto kaona tatu haitoshi kutoa nane, kageuza: nane toa tatu, tano. Sifuri haitoshi kutoa sita, kageuza tena, sita. Tano toa mbili, tatu. Huyu hakubahatisha hata tarakimu moja. Ana kanuni yake, "kikubwa toa kidogo", na anaifuata kwa uaminifu kuliko anavyofuata yetu. Tena kanuni hiyo kaipata kwetu, siku tulipomwambia kwamba kidogo toa kikubwa haiwezekani.

Kwa vijiti, mtoto huyohuyo anafungua fungu moja la mia, anapata makumi kumi. Anafungua moja kati ya hayo, yanabaki makumi tisa, na mamoja yanakuwa kumi na matatu. Sasa ana mia nne, makumi tisa na mamoja kumi na matatu. Anaondoa nane, anaondoa sita, anaondoa mbili. 235.

Lakini swali la yule mtoto lina upande wa pili, na huo nilichelewa kuujua. Ipo njia ambayo mkopo unalipwa kweli. Shule za Uingereza ziliifundisha kwa miaka mingi. Katika 503 − 268 unaipa tatu ya juu kumi, inakuwa kumi na tatu. Toa nane, tano. Kisha unalipa chini: sita inakuwa saba. Sifuri haitoshi, ipe kumi. Kumi toa saba, tatu. Lipa tena chini: mbili inakuwa tatu. Tano toa tatu, mbili. Jibu lilelile, 235, na deni limekwisha. Ukiwa na njia hiyo akilini, neno "kukopa" linaeleweka vizuri. Sisi tumebaki na neno, malipo tumeyaacha njiani. Kule Marekani, William Brownell na Harold Moser walichapisha mwaka 1949 utafiti uliolinganisha njia hizi mbili, na watoto waliofundishwa kuvunja huku wakielezwa sababu walielewa zaidi. Naafikiana nao kwa darasa la tatu. Hata hivyo ile ya kulipa ina siri ambayo sitaki ipotee.

Kwa nini inafanya kazi? Ukiitazama vizuri, namba zote mbili zimeongezewa kiasi kilekile: ya juu mamoja kumi, ya chini fungu moja la kumi. Chukua dada na mdogo wake. Dada ana miaka 11, mdogo ana 7. Mwakani watakuwa 12 na 8, na dada ataendelea kumzidi mdogo kwa minne mpaka wazeeke. Pengo haliguswi wote wakisogea pamoja.

Hapo ndipo neno letu "kutoa" linapotuponza. Linatufanya tuone kitu kimoja tu: kilikuwepo, kimeondolewa, kimebaki nini. Ila dada na mdogo wake hakuna aliyeondolewa. Tunauliza mmoja kamzidi mwenzake kwa kiasi gani. Tukisema saa tatu kasorobo hatujaondoa chochote mezani, tunataja kilichopungua kuifikia saa tatu. Na mama wa dukani hatoi kabisa. Umenunua vitu vya 3,650, umempa elfu kumi. Anaweka hamsini mkononi mwako: "mia saba." Anaongeza mia tatu: "elfu nne." Buku: "tano." Noti ya elfu tano: "kumi." Kajaza pengo kutoka chini mpaka juu, una 6,350 mkononi, na hakukopa kwa mtu. Mtoto wake anayemsaidia dukani jioni anafanya hivyohivyo bila kukosea, halafu asubuhi anakuja kwangu na 365.

Ukishalikubali pengo, hesabu za sifuri nyingi zinakuwa mchezo. 1,000 − 368 inawatoa jasho watu wazima. Punguza moja juu na moja chini: 999 − 367. Tisa toa saba, mbili. Tisa toa sita, tatu. Tisa toa tatu, sita. 632. Hakuna cha kuvunja, kwa sababu tisa inatosha kutoa tarakimu yoyote.

Mwanahisabati Blaise Pascal aliitegemea tisa hiyohiyo. Alikuwa bado hajafikisha miaka ishirini alipoanza kutengeneza mashine ya kumpunguzia baba yake hesabu za kodi huko Rouen, Ufaransa, mwaka 1642. Magurudumu yake yalizunguka upande mmoja tu, kwa hiyo yalijua kujumlisha, kurudi nyuma hayakujua. Ikabidi kutoa kufanywe kwa kujumlisha. Jaribu na 503 − 268 yetu. Kwanza tafuta kilichopungua kwa 503 kufika 999: ni 496. Jumlisha 268, upate 764. Tafuta tena kilichopungua kwa 764 kufika 999. Ni 235. Kompyuta na simu yako zinatumia wazo hilohilo, isipokuwa zinahesabu kwa sifuri na moja.

Siku hizi "haiwezekani" nimeiondoa ubaoni. Nasema "haitoshi", maana darasa la mbele watoto haohao watakuta namba hasi na kuambiwa kwamba mbili toa saba inawezekana, jibu hasi tano. Na kila atakayeleta 365 simwekei mkasi. Nampa kalamu nyekundu, namwambia ajumlishe jibu lake na 268. Anapata 633, anaitazama 503, anainua macho. Wengine wanarudi kwenye vijiti. Wiki iliyopita mmoja alikaa kimya, akaandika pembeni mwa daftari 268, 270, 300, 500, 503, na juu ya kila nafasi akaweka namba: 2, 30, 200, 3. Akazijumlisha, akaandika 235, akanirudishia kalamu yangu.