Upimaji linganishi na uthibiti ubora wa shule: maana na matumizi yake

Upimaji linganishi ni kazi ya kuchukua kipimo kimoja kinachoeleweka, tuseme idadi ya wanafunzi wa darasa la pili wanaoweza kusoma aya fupi na kueleza walichokisoma, na kukitumia kwa namna ileile katika shule mbalimbali, ili kila shule ijue imeachana kiasi gani na shule nyingine zenye mazingira kama yake, na kiasi gani na kiwango kilichowekwa kitaifa. Utaratibu huu ulipata umaarufu viwandani kabla ya kuingia katika elimu. Kampuni ya Xerox ya Marekani ilianza kuutumia mwaka 1979 ilipotaka kujua kwa nini washindani wake wa Japani walitengeneza mashine kwa gharama ndogo zaidi. Uthibiti ubora wa shule, ambao walimu wengi bado wanauita ukaguzi, ni kazi tofauti: maofisa waliobobea katika ualimu huingia shuleni, hukaa darasani somo likiendelea, hufungua madaftari, huzungumza na wanafunzi, walimu na kamati ya shule, kisha huandika walichokiona na wanachokishauri. Kazi ya kwanza huonyesha pengo lilipo, na ya pili hutafuta chanzo chake, ndiyo maana moja ikifanywa bila nyenzake mwalimu mkuu hubaki ama na takwimu asizoweza kuzifafanua, ama na ushauri asioweza kuupima.

Nchini Tanzania ukaguzi wa shule umewekewa msingi na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Wathibiti ubora wako chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ilhali uendeshaji wa shule za serikali uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Mgawanyo huu una faida, kwa kuwa anayepima hapimi kazi yake mwenyewe, lakini una gharama pia: mthibiti anaweza kuandika kwamba shule ina upungufu wa vyoo, akanukuu kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na bado fedha za kuchimba choo zikawa mikononi mwa halmashauri, ambayo ina orodha ndefu ya shule zinazolilia jambo hilohilo.

Ugumu mkubwa wa upimaji linganishi ni kuchagua wa kulinganishwa naye. Mkoa wa Mwanza peke yake unatosha kuonyesha tatizo hili. Nyamagana na Ilemela ni wilaya za mjini, zenye shule za binafsi zinazochagua wanafunzi wa kuwapokea na shule za serikali zenye madarasa yaliyofurika. Kwimba na Magu ni za wakulima na wafugaji. Ukerewe ni visiwa, na mwalimu anayepangiwa Ukara hana budi kuvuka maji. Kuziweka shule hizi zote katika orodha moja na kuzipanga kwa asilimia ya ufaulu ni kupima mambo mengi kwa pamoja bila kujua lipi ni lipi. Asilimia yenyewe nayo hudanganya. Shule ya kisiwani yenye watahiniwa 30 wa darasa la saba hupanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia tatu kwa sababu ya mtoto mmoja tu, wakati shule ya mjini yenye watahiniwa 180 haitikisiki hata kwa asilimia moja. Kwa hiyo shule ndogo ndizo zinazoruka kutoka mkiani hadi kileleni na kurudi mkiani, na watu huliita badiliko hilo juhudi au uzembe.

Muda wa kupima nao una neno. Kandokando ya ziwa, dagaa huvuliwa kwa taa katika giza la mwezi, na mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Katika mwalo, yaani ufuko ambako mitumbwi hushusha samaki, na ambako watoto husaidia kuanika dagaa, mthibiti anayefika wakati wa mbalamwezi anaweza kukuta madawati yamejaa na kuandika kwamba mahudhurio ni mazuri, wakati rejista ya wiki mbili nyuma inasema mengine. Anayeijua pwani ya ziwa huifungua rejista hiyo kabla ya kuhesabu vichwa.

Tanzania imewahi kuzipanga shule hadharani. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, nafasi ya kila shule ya msingi kitaifa na kiwilaya ilitangazwa. Watafiti waliochambua matokeo hayo walibaini kwamba shule zilizokuwa chini kabisa katika wilaya zao ziliinua ufaulu, jambo la kupongezwa. Lakini walibaini pia kwamba idadi ya wanafunzi waliofanya mtihani katika shule hizo ilipungua. Ukilitazama kwa makini, halishangazi: anayehukumiwa kwa asilimia atashawishika kupunguza walio dhaifu kabla ya kuwafundisha. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na kwa maoni yangu lilifanya vyema, mradi takwimu zenyewe ziendelee kuwafikia wanaozihitaji.

Hapo ndipo ukaguzi unapofaa, hasa unapokwenda chini ya makaratasi. Andalio la somo lililoandikwa kwa mwandiko mzuri halithibitishi kwamba somo lilifundishwa. Mthibiti makini huchukua andalio la hisabati la tarehe fulani, kisha huomba madaftari matano ya wanafunzi, mawili ya walioketi mbele na matatu ya walioketi nyuma, na kutazama tarehe hiyohiyo. Akikuta zoezi la kutoa kwa kukopa limeandikwa na kusahihishwa kwa alama ya vema tu, ilhali wanafunzi watatu wamekosea hatua ileile, amepata jambo ambalo hakuna jedwali la ufaulu lingemwonyesha: mwalimu anafundisha, anasahihisha, lakini kosa halirudi darasani. Ushauri wake sasa unaweza kuwa mahususi, na shule jirani ambayo wanafunzi wake wamelivuka kosa hilo inaweza kuwapokea walimu hawa kwa siku moja wakae nyuma ya darasa na kuona linavyofanyika. Ziara ya namna hiyo ndani ya kata hugharimu nauli ya bodaboda.

Lililobaki ni ripoti, na ripoti nyingi hukwama hapo. Nakala huachwa kwa mwalimu mkuu na hufungiwa kabatini, kamati ya shule isijue kilichomo, na mthibiti anaporudi huandika mapendekezo yaleyale kwa tarehe mpya. Inafaa kila pendekezo lionyeshe nani anawajibika: mwalimu wa somo, mwalimu mkuu, kamati au halmashauri. Yanayoihusu halmashauri yanadai uangalifu wa pekee, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na mipango hukamilishwa miezi kadhaa kabla, kiasi kwamba ombi la matundu ya choo linalofika mezani mwezi Mei litasubiri bajeti inayofuata.