Damu iliganda mguuni: lini urudi kwenye mbio ndefu za skeiti?

Mchezaji wa skeiti akivunjika kifundo cha mguu na kukaa wiki kadhaa na plasta, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu, na bonge likimeguka hukimbilia kwenye mapafu. Wengi hutibiwa na kupona. Kisha huanza kuwazia mbio kama zile za Berlin, kilomita 42.195 kwa skeiti za magurudumu, ambazo hufanyika Jumamosi ya Septemba, siku moja kabla ya wakimbiaji wa miguu.

Sasa napumua vizuri na mguu hauumi. Kwa nini nisirudi?

Kwa sababu bado unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na skeiti ni mchezo wa kuanguka. Pumzi hurudi mapema. Kwenye mbio ndefu watu hufuatana karibu sana ili kukwepa upepo, na washindi wa Berlin humaliza kwa takriban saa moja, yaani kilomita 40 na zaidi kwa saa. Mmoja akigusa gurudumu la aliye mbele, wa nyuma yake wote wanaweza kuanguka. Mtu asiyetumia dawa hizo huenda akaondoka na michubuko tu. Wewe unaweza kuvuja damu ndani ya fuvu au tumboni, na kofia ngumu haiondoi hatari hiyo. Kwa hiyo tarehe ya kurudi mbioni huamuliwa na dawa kabla ya kuamuliwa na mazoezi.

Dawa natumia kwa muda gani?

Kwa kawaida si chini ya miezi 3. Kama chanzo kilikuwa cha kupita, mfano plasta au upasuaji, mara nyingi daktari husimamisha hapo. Kama chanzo hakikujulikana, huenda ukaendelea kwa muda mrefu, na hapo tunashauri wazi: teleza peke yako kwa mwendo wa wastani, achana na mashindano ya msafara.

Rivaroxaban, kwa mfano, huanza na miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha miligramu 20 mara moja. Vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula. Ukimeza tumbo likiwa tupu, dawa hainyonywi vya kutosha. Dawa hizi huzuia bonge lisikue. Kuliondoa ni kazi ya mwili wenyewe, ndiyo maana huchukua miezi.

Katika miezi hiyo nifanye nini?

Tembea. Ukishaanza dawa na daktari akaridhika na hali yako, kutembea ni salama na kunasaidia. Baadaye ongeza baiskeli ya ndani, dakika 20 hadi 30, kwa kasi ambayo bado unaweza kuongea sentensi nzima. Mazoezi ya kuinuka na kuchuchumaa bila uzito huandaa mapaja. Skeiti ziache kabatini.

Siku ya kuzivaa tena, kwa ruhusa ya daktari, chagua uwanja laini uliofungwa, bila magari wala bodaboda. Anza na dakika 20 ukiwa umesimama wima. Ukimaliza siku kadhaa bila mguu kuvimba, ingiza mkao wa chini: dakika 2 chini, dakika 2 wima, mara tano.

Mbona mguu unakuwa mzito nikiinama, ilhali baiskeli naimudu?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Mkao wa skeiti hukunja nyonga na magoti, na misuli ya paja hubaki imekaza kwa muda mrefu katika kila hatua. Misuli iliyokaza hubana mishipa, damu inayopita hupungua, na mapaja huwaka moto kabla pumzi haijaisha. Hilo humpata hata mchezaji mzima. Kwako kuna la ziada: bonge linaweza kuharibu vali za mishipa, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi chini, damu ikawa inapanda juu kwa shida. Inuka mara kwa mara, na ongeza dakika za mkao wa chini kabla ya kuongeza kilomita.

Kagua pia kiatu. Ukingo wa juu ukiacha alama nzito kwenye mguu uliovimba, legeza mkanda wa juu.

Naweza kuruka dozi siku ya mbio ili nisivuje damu?

Usifanye hivyo kwa uamuzi wako. Rivaroxaban huisha nguvu ndani ya siku moja au mbili, na safari ndefu ya ndege kwenda mbioni pamoja na kupungukiwa maji ni mazingira ya damu kuganda upya. Ndani ya ndege inuka utembee kila baada ya muda, na ukikaa chezesha vifundo.

Nimeanguka kichwa kikagonga, lakini najisikia sawa.

Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Damu inaweza kuvuja polepole na dalili zikaja saa nyingi baadaye. Taja jina la dawa na saa uliyomeza dozi ya mwisho. Hilo hubadilisha matibabu. Kwa maumivu tumia paracetamol. Ibuprofen na diclofenac huongeza hatari ya kuvuja damu.

Nitajuaje kama ni msuli tu au damu imeganda tena?

Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa shavu la mguu sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo chini kidogo ya goti, miguu yote miwili, ukiandika kila wiki. Tofauti inayozidi sentimita 3, au iliyoongezeka kuliko ya zamani, ikiambatana na maumivu, muone daktari siku hiyo. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu au kuzimia ni dharura.

Hedhi imekuwa nzito tangu nianze dawa.

Hutokea, hasa kwa rivaroxaban. Damu nyingi ikitoka kila mwezi madini ya chuma hupungua, na uchovu unaodhani ni wa mazoezi huenda ni upungufu wa damu. Omba kipimo cha hemoglobini na ferritini (akiba ya chuma mwilini). Kama ulikuwa unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mweleze daktari: huongeza hatari ya damu kuganda, na njia nyingine zipo.