Vijidudu vya Maradhi na Makundi Yake: Kwa Nini Maabara Haikimbilii Dawa

Hapa Goma, mtu akishikwa na homa, kuhara au kikohozi, mara nyingi huanzia kwenye farmasi ya mtaani, akanunua vidonge vichache vya antibiotiki na kurudi nyumbani akiamini kwamba vidudu vitakufa. Tatizo ni kwamba neno hilo, vidudu, linakusanya viumbe ambavyo havina undugu wa karibu hata kidogo, na dawa inayoua kundi moja inaweza isiguse kabisa kundi lingine. Mikrobiolojia ya tiba ndiyo elimu inayovichunguza na kuvitenganisha.

Bakteria ni kiumbe cha seli moja, chenye urefu wa takribani mikromita 1 hadi 5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ambacho hakina kiini kilichozungushiwa utando kama seli zetu, lakini kinajilisha na kuzaana chenyewe. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alibuni njia ya kuwatia bakteria rangi ambayo maabara zetu zinaitumia hadi leo. Sampuli hupakwa kwenye kioo na kukaushwa kwa moto, kisha humwagiwa rangi ya zambarau, iodini, alkoholi, na mwisho rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki na zambarau. Wenye ukuta mwembamba huipoteza na kuonekana waridi. Kwa dakika chache tu daktari huwa amepata dokezo la dawa ya kuanza nayo, kwa kuwa penisilini, kwa mfano, huvuruga ujenzi wa ukuta huo, na seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo. Bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, ana ukuta wenye nta usiopokea vizuri rangi za Gram, ndiyo maana hutafutwa kwa njia nyingine ya rangi, na matibabu ya kawaida ya ugonjwa wake huchukua miezi 6.

Kipindupindu kinastahili nafasi zaidi, kwani mji huu unakijua vizuri mno: Julai 1994 kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa kandokando yetu. Kisababishi chake, Vibrio cholerae, ni bakteria aliyepinda kama alama ya mkato, mwenye mkia mmoja unaomwezesha kuogelea kwa kasi. Tukiotesha choo cha mgonjwa kwenye chakula maalumu cha kijani, bakteria huyu huvunja sukari iliyomo, na siku ya pili makoloni yake, yaani vishada vya bakteria waliozaana pamoja, huonekana ya manjano. Sumu anayoitoa ndani ya utumbo ndiyo inayofukuza maji na chumvi mwilini, na kwa hiyo tiba ya kwanza ni kurudisha maji na chumvi hizo bila kuchelewa. Antibiotiki husaidia, hasa kwa mgonjwa aliyezidiwa, lakini haichukui nafasi ya maji.

Virusi ni jambo jingine kabisa. Havina seli wala ukuta, na haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli ya kiumbe kingine na kuitumikisha. Vingi havionekani kwa darubini ya kawaida. Tunavigawa kwanza kwa chembe zao za urithi: Ebola, iliyotambuliwa mwaka 1976 kutokana na mlipuko wa Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa Kongo, na kufika Goma Julai 2019, ina RNA, ilhali mpox ina DNA na ni jamaa ya ndui. Amoksisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, haina la kufanya hapo, kwa sababu haikuti ukuta wa kuubomoa. Mafua ya kawaida nayo ni ya virusi, na inasikitisha kuona jinsi antibiotiki zinavyomalizwa kwa ajili yake, huku bakteria wanaokutana nazo wakipata nafasi ya kuwa sugu.

Kuvu na vimelea wana seli zenye kiini kama zetu, na ndiyo maana dawa zake ni ngumu zaidi kubuni bila kumdhuru mgonjwa. Kuvu hupuuzwa kwa kudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa ngozi tu, ilhali kuvu aitwaye kriptokoka hushambulia utando wa ubongo wa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na VVU. Kwa upande wa vimelea, Plasmodium falciparum, anayeenezwa na mbu jike aina ya Anofelesi, huonekana ndani ya chembe nyekundu za damu katika kipimo cha malaria. Minyoo ya tumbo, ingawa huonekana kwa macho, huhesabiwa pia katika elimu hii, kwa kuwa mayai yake hutafutwa kwa darubini.

Kwa hiyo anayekuja kupimwa amweleze mhudumu kila dawa aliyokwisha kunywa, hata kama ni kidonge kimoja cha jana. Sampuli iliyochukuliwa baada ya antibiotiki inaweza isioteshe chochote, na tukaandika kwamba hakuna bakteria wakati bado yumo mwilini.