Mwenye duka na mteja mwenye bastola: maana ya idhini ya kuingia

Je, mwenye biashara anaweza kumkataza mteja mwenye cheti cha silaha asiingie na bastola yake? Jibu fupi ni ndiyo. Mwenye duka, mkahawa, hoteli au kinyozi hapa Malindi ana haki ya kumwambia mteja haingii na bastola, hata kama bastola yenyewe ina cheti halali ambacho muda wake haujaisha. Hahitaji kibali cha OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wala cha kaunti ili kuweka sharti hilo. Linalowatatiza wengi ni sababu yake, kwa kuwa tumezoea kufikiri kwamba mtu aliyeruhusiwa na serikali kubeba silaha ameruhusiwa kuibeba kila mahali. Inafaa jambo hili lieleweke mapema, kwani watu wawili wanaweza kubishana mlangoni hadi usiku, kila mmoja akiwa na hakika kwamba sheria iko upande wake, na mmoja wao ana chuma kiunoni.

Kuna idhini mbili hapa, na kila moja ina mtoaji wake. Ya kwanza hutoka kwa dola. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, inakataza mtu yeyote kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, hudumu mwaka mmoja kisha hufanywa upya, na bodi inaweza kukifuta. Katiba yetu ya 2010 imetaja haki nyingi za raia, lakini haki ya kubeba silaha haimo. Kwa hivyo anayebeba bastola kihalali amepewa ruhusa yenye masharti, na ruhusa hiyo inahusu jambo moja tu: serikali haitamshtaki kwa kuwa nayo. Kuhusu duka la mtu mwingine, cheti hakisemi neno.

Idhini ya pili hutoka kwa mwenye mahali. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya mtu, na Sheria ya Kuingia Bila Ruhusa, Sura ya 294, inasema anayeingia au kubaki kwenye ardhi ya mtu binafsi bila sababu ya maana na bila idhini ya anayeikalia anatenda kosa. Mambo mawili katika maneno hayo ni ya kushika. Kwanza, kosa liko katika kubaki pia, maana yake ni kwamba mtu aliyeingia kwa heshima zake anaweza kuwa mkosaji pale anapoambiwa atoke akakataa. Pili, idhini ni ya anayekalia mahali, hata kama hati ya ardhi haina jina lake. Mama aliyepanga chumba kimoja Sokoni akauza kanga na leso ana sauti ileile mlangoni pake kama mwenye hoteli ya ufukweni Casuarina.

Sasa, kwa nini basi hatupigi hodi tukiingia dukani? Kwa sababu mlango wa biashara ukiwa wazi wakati wa kazi, wenyewe unakaribisha. Wanasheria huiita idhini ya kimya: mwenye duka hajatamka lolote, ila kila mpita njia anajua anaweza kuingia, kutazama bidhaa, kuuliza bei na kuondoka bila kununua. Idhini hiyo ni ya shughuli fulani tu. Haimpi mteja ruhusa ya kupanda darini au kulala ghalani. Na kwa kuwa ni ya mwenye mahali, anaweza kuiwekea masharti, na anaweza kuiondoa.

Wengi wetu Pwani tumeijua mipaka hii kabla ya kuisoma katika sheria za serikali. Katika Surat An-Nur, aya ya 27 inakataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Aya ya 29 inasema hakuna ubaya kuingia nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake mna manufaa kwetu, na wapo wafasiri waliotaja maduka na nyumba za wasafiri kuwa mfano wake. Na kati ya hizo mbili, aya ya 28 iko wazi kabisa: mkiambiwa rudini, basi rudini. Sioni namna ya kulieleza jambo hili vizuri zaidi kwa mtu wa Lamu au Malindi.

Mahakama za Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zimetoka, zililitafakari swali hili zamani. Mwaka 1845, katika kesi ya Wood v Leadbitter, mtu aliyekuwa amenunua tikiti ya mashindano ya farasi kule Doncaster aliamriwa atoke, akagoma, akatolewa. Alishtaki akashindwa, mahakama ilisema ruhusa ya kuwa pale ingeweza kuondolewa. Lakini katika kesi ya Hurst v Picture Theatres, iliyoripotiwa mwaka 1915, mtu aliyetolewa sinema kwa kudhaniwa hakulipa, kumbe alilipa, alishinda na akalipwa fidia. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mji wa hoteli kama Malindi. Mgeni aliyelipia chumba wiki moja ana mkataba, na hoteli inayomfichia sharti la silaha mpaka amefika na mizigo yake inajitafutia kesi. Sharti linafaa kuonekana wakati wa kuweka nafasi, kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Watu wengi wanaosema "ni haki yangu kuibeba" wameitoa kauli hiyo katika video za Marekani, kwa hivyo inafaa kuutazama mfano huo wenyewe. Marekani kweli wana haki ya silaha ndani ya katiba, Rekebisho la Pili la mwaka 1791, na Mahakama yao ya Juu ililipa nguvu zaidi katika kesi ya Heller mwaka 2008 na ya Bruen mwaka 2022. Ila rekebisho hilo linaifunga serikali. Haliufungi mkono wa mwenye mkahawa. Hata Texas, jimbo linalosifika kwa bunduki, mwenye biashara anaweza kukataza. Anachodaiwa ni kutoa taarifa kwa namna iliyowekwa. Kibao cha kuzuia silaha iliyofichwa kiko katika sheria yao tangu 1997: maneno maalumu, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi 1 kwa urefu. Tangu 2016, anayetaka kuzuia silaha inayobebwa waziwazi huongeza kibao cha pili. Mteja akikipuuza kibao, faini yake haizidi dola 200. Akiambiwa kwa mdomo atoke akakataa, kosa linapanda na anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Majimbo hayafanani. Yapo ambako kibao peke yake hakina nguvu yoyote mpaka mtu aambiwe atoke. Minnesota sheria imetaja hata aina ya herufi za kibao na umbali wake kutoka mlangoni, halafu faini ya anayegoma kutoka mara ya kwanza haizidi dola 25. Oklahoma ilipitisha sheria mwaka 2004 inayowazuia wenye biashara kukataza bunduki iliyofungiwa ndani ya gari kwenye maegesho yao, na mahakama ya rufaa ikaiacha isimame mwaka 2009. Hawaii nayo, mwaka 2023, iligeuza kanuni: duka lisilosema kitu lihesabiwe limekataza, na mwenye silaha asubiri aruhusiwe. Sheria hiyo ilipingwa na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Tazama kinachogombaniwa hapo: ukimya wa mwenye duka usomeke vipi. Kwamba mwenye duka akisema hapana basi ni hapana, hilo halikuwa na mzozo.

Kampuni nyingine kubwa za huko zilichagua kuomba tu. Starbucks mwaka 2013 iliwaomba wateja wasije na silaha, na Walmart mwaka 2019, baada ya mauaji yaliyotokea katika duka lake la El Paso, Texas, ikawaomba wasizibebe waziwazi. Ombi na marufuku vina matokeo tofauti. Aliyeombwa akipuuza bado ana idhini ya kuwa pale. Aliyekatazwa hana.

Tukirudi nyumbani, ziko hoja za kweli za wanaobeba. Magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi mwaka 2013, na tena hoteli ya DusitD2 mwaka 2019, raia wenye vyeti walikuwa miongoni mwa walioingia kuwatoa watu. Walistahili shukrani na walizipata. Lakini hoja hiyo inajibu swali la busara, kwamba je, ni vizuri mwenye jengo akataze? Uwezo wake wa kukataza haupungui. Mimi naona penye pombe hapana mjadala. Sheria ya Silaha za Moto yenyewe, kifungu cha 33, inafanya kuwa kosa kulewa au kufanya fujo ukiwa umebeba silaha. Sasa mwenye baa anayeruhusu bastola mezani anangoja nini? Isitoshe, Sheria ya Wajibu wa Wakaliaji, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali achukue hadhari ya kutosha ili wageni wake wasidhurike. Kwa baa na vilabu vya Lamu Road, sharti hili ni sehemu ya kutimiza wajibu huo.

Askari aliye kazini ni habari nyingine. Lamu, tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, watu wamezoea kuona mabasi ya barabara ya Garsen yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, na polisi hao wakishuka kununua maji hakuna mwenye duka anayewauliza. Polisi anayemfuata mshukiwa au mwenye hati ya upekuzi haingii kwa idhini ya mwenye mahali. Anaingia kwa nguvu ya sheria, na kumzuia ni kosa. Lakini akiwa amemaliza zamu na amekuja kustarehe, ni mgeni kama wageni wengine. Busara ni meneja kuzungumza na mkubwa wa askari huyo, asibishane na askari mwenyewe mbele ya watu.

Kuna sehemu ya jambo hili inayoniuma, nayo ni jinsi sharti linavyotekelezwa. Haki ya kukataza silaha ni haki ya kukataza kitu. Haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuchagua sura. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi, na kimetaja waziwazi dini, asili, rangi, lugha na hata mavazi. Tena kinamfunga kila mtu, si serikali pekee. Sote tumeyaona mambo haya milangoni: mtalii anapita na begi lake kubwa akitabasamiwa, kijana wa kanzu anasimamishwa na kupapaswa, msichana wa buibui anaulizwa maswali mbele ya watu, Msomali anaombwa kitambulisho mara mbili. Huo ni ubaguzi uliovishwa jina la usalama, na mwenye biashara anayeufanya hana sheria ya kujifichia. Kama ni kukagua, wakaguliwe wote, mzungu na mwenyeji, tajiri na kuli, na wanawake wakaguliwe na mwanamke mwenzao.

Ukaguzi wenyewe pia una mpaka. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mtu asipekuliwe mwili wala mali yake. Mlinzi wa kampuni binafsi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016, anaweza kukuomba ujitambulishe na kuandika saa uliyoingia na kutoka. Mwenye jengo anaweza kusema anayetaka kuingia akubali kupitishiwa kile kifaa cha kutambua chuma. Mteja asiyetaka ana njia moja, kurudi alikotoka, na hapaswi kushikwa wala kutukanwa kwa kurudi.

Na sasa kosa ambalo mwenye duka mwema anaweza kulitenda kwa ukarimu wake. Mteja amefika, amesoma kibao, anasema: basi niwekee hapo kwenye droo, natoka sasa hivi. Usikubali. Anayeipokea silaha ya moto bila cheti anaweza kuhesabiwa kuwa anayo, na hapo aliyekuwa akijilinda ndiye atakayehojiwa kituoni. Cheti ni cha yule mteja, na wajibu wa kuitunza silaha mahali salama ni wake. Hawezi kuukabidhi kwa keshia, wala hautimizi kwa kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mwambie kwa upole aende akaihifadhi kisha arudi, anakaribishwa.

Akikataa kutoka, mwambie tena, mbele ya shahidi, kwamba humpi ruhusa ya kubaki. Kisha piga simu kituoni, au 999. Usimguse yeye wala silaha yake, na usimtume mlinzi mwenye rungu kupambana na mtu mwenye bastola.

Kuhusu kibao, Kenya haina maneno ya lazima kama ya Texas, kwa hivyo yaandike kwa namna ambayo mtu hawezi kusema hakuelewa. Kiswahili kwanza, Kiingereza, na kwa Malindi Kiitaliano pia, penye mwanga, nje ya mlango. Na taja unachokikataza: bunduki, bastola na risasi. Ukiandika "silaha" peke yake, mlinzi wako atakuja kumzuia mvuvi aliyepita kununua sigara na kisu chake cha kuparia samaki, huku mwenye bastola chini ya shati akipita pembeni.