Je, wajua kwa nini mmea unaokula wadudu unakufa ukiupa mbolea na maji ya bomba?

Mmea wenyewe unaitwa drosera. Ukiuona mara ya kwanza unadhani umemwagiwa maji sasa hivi, maana kila jani limejaa vinywele vyekundu na juu ya kila kinywele kuna tone dogo linang'aa juani. Lile tone ni gundi. Inzi mdogo akitua pale anakwama mguu mmoja, anavuta, anakwama wa pili, na kadiri anavyohangaika ndo anazidi kugusa vinywele vingine, halafu ile gundi inamziba vitundu vya kupumulia vilivyoko ubavuni na anakufa kwa kukosa hewa, mara nyingi ndani ya robo saa tu. Vinywele vya jirani vinaanza kumuinamia, na kwa ile aina ya Cape, Afrika Kusini (Drosera capensis, ndo wengi wanayofuga nyumbani) jani lenyewe linajikunja taratibu kumfunika, kazi ya masaa kadhaa. Kisha mmea unatoa vimeng'enya, unayeyusha nyama ya ndani ya mdudu na kuifyonza kupitia jani. Siku chache mbele jani linafunguka tena na unakuta limebaki ganda kavu tu.

Sasa watu wanapenda kuuliza anakamata vipi, mi naona swali zuri zaidi ni kwa nini mmea ujisumbue hivo wakati mwenzake wa jirani anakula kwa mizizi na maisha yanaenda. Jibu liko kwenye udongo. Drosera anaishi kwenye vinamasi, kwenye mchanga uliooshwa na maji miaka na miaka, sehemu zenye asidi ambako nitrojeni na fosforasi karibu hamna. Mimea mingi ikiwekwa pale inadumaa. Yeye akahamishia kazi ya kutafuta hivo virutubisho kwenye majani, na mizizi yake ikabaki michache, dhaifu, kazi yake kubwa kunywa maji na kushikilia mmea usianguke. Na hapo ndo shida ya mfugaji inapoanzia: mizizi hiyo haijazoea chumvichumvi za udongo mzuri. Ukiipa samadi, ukiipa mbolea ya dukani, ukiipa udongo mweusi ule wa kupandia mchicha, unaiunguza.

Kwamba drosera anafuata nitrojeni hasa, aliyelionyesha vizuri ni Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1860 alikuwa mapumzikoni Sussex, kusini mwa Uingereza, akachuma dazeni moja ya mimea hii bila kuchagua, yenye majani 56 yaliyofunguka, na majani 31 kati ya hayo yalikuwa na wadudu waliokufa au mabaki yao. Akaanza kuyadondoshea majani vitu mbalimbali. Maziwa, mkojo, mate, ute wa yai, maji yaliyolowekwa nyama mbichi, vyote vilifanya vinywele viiname. Maji ya sukari, wanga, mafuta ya zeituni, hata chai, wapi, hakuna kilichotokea. Yaani jani linatofautisha chenye nitrojeni na kisicho nayo! Na kuhusu mguso, aligundua kipande cha unywele chenye uzito usiofika hata sehemu moja ya elfu ya miligramu kinatosha kuinamisha kinywele cha jani, ila matone ya mvua yanayopiga hapohapo hayakiamshi. Alichapisha matokeo mwaka 1875, na miaka mitatu baadaye mwanae Francis akaleta ushahidi kwamba mimea iliyolishwa vipande vidogo vya nyama inazaa mbegu nyingi kuliko iliyonyimwa. Yule inzi anakuwa mbegu, kwa kifupi.

Lakini angalia hapo, mdudu sio chakula cha nguvu. Nguvu anapata kwenye jua kama mmea mwingine wowote, mdudu anashika nafasi ya mbolea tu. Kwa hiyo drosera asiye na mdudu hata mmoja anaishi, anakua polepole, ila asiye na mwanga anaharibika hata umjazie inzi kila jani. Mweke dirishani panapopiga jua la moja kwa moja masaa manne mpaka sita, au barazani. Akipata mwanga wa kutosha majani yanakuwa na wekundu na gundi inajaa, akikosa yanarefuka, yanakuwa ya kijani kibichi na yanakauka gundi. Ukimnunua akasafirishwa kwenye boksi atafika hana tone hata moja, usihangaike naye, subiri majani mapya.

Maji ndo yanayoua wengi kuliko kitu kingine chochote. Maji ya bomba na ya kisima yana kalsiamu na chumvi nyingine, na kwa Dar na pwani nzima kuna visima ambavyo hata kwa ulimi unasikia chumvi. Drosera anakaa kwenye maji muda wote, maji yanapaa, chumvi inabaki kwenye udongo, unaongeza mengine, inaongezeka, na baada ya miezi unaanza kuona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu, uleule unaoganda ndani ya jagi la umeme la kuchemshia chai. Majani mapya yanatoka madogo, yamepinda, hayana gundi, halafu yanakuwa ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii kitu, klorini itaondoka lakini chumvi zinabaki na maji yamepungua. Chupa za maji ya kunywa nazo usiziamini kwa kuwa ni safi, nyingi zina madini, mengine yameongezwa makusudi kwa ladha.

Maji bora ni ya mvua, na sisi tunayo bure. Masika ikianza acha mvua ioshe kwanza bati, lile vumbi na kinyesi cha ndege viondoke, ndo ukinge kwenye dumu, ulifunike vizuri na uliweke kivulini. Mvua zikiisha tafuta maji yaliyotoneshwa (distilled water), yale yanayouzwa sheli kama maji ya betri za magari, ila soma lebo mara mbili, maana kuna watu wanaita asidi ya betri kwa jina hilohilo na hiyo itamaliza mmea na vidole vyako. Vibanda vinavyouza maji ya kuchujwa mitaani pia vinaweza kufaa, tembea na kile kipimo kidogo cha kielektroniki cha chumvi kwenye maji, ukisoma chini ya 50 ppm (sehemu kwa milioni) chukua, ukisoma 200 waachie wengine wakanywe.

Udongo: changanya pitimosi (mabaki ya mimea ya vinamasi yaliyokaushwa) isiyo na mbolea na pelaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya volkano) au mchanga wa mto, nusu kwa nusu. Soma mfuko, kwa sababu pitimosi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya miche ya nyanya zimeshachanganywa mbolea kiwandani. Mchanga uoshe mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa bahari hapana kabisa, una chumvi na vipande vya makombe ambavyo ni kalsiamu tupu. Kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi, ni rahisi kupata, ila makumbi mengi yamelowekwa kwenye maji ya chumvi, usipoiloweka na kuimwaga mara nyingi kwa maji ya mvua utakuwa umerudisha tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma. Chungu kiwe cha plastiki, cha udongo kinaachia madini.

Kisha kiweke chungu kwenye sahani yenye maji ya sentimita moja au mbili, udongo unyonye wenyewe kwa chini. Na hapa naomba mtu asipite haraka: sahani ya maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu, hasa kwa sisi wa maeneo ya dengi na malaria. Drosera atanasa mbu mmoja mmoja, hawezi kukulinda na mamia wanaozaliwa chini yake. Mwaga yale maji na uisugue sahani angalau mara moja kila siku nne au tano kabla viluwiluwi hawajafika kuwa mbu, iache ikauke nusu siku, udongo ukiwa bado na unyevu mmea hausikii kitu.

Kulisha ni jambo dogo. Akikaa nje anajitafutia. Akiwa ndani mpe mdudu mdogo kila baada ya wiki mbili hivi, wale vijinzi wa ndizi mbivu wanatosha sana, au saga chakula cha samaki wa tenki, chukua unga kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno uuweke kwenye jani lenye gundi. Usimpe vipande vya nyama jikoni, Francis Darwin alitumia vidogo mno, ukiweka kikubwa kinaoza kabla hakijayeyuka, jani linaota ukungu na kufa. Na majani ya chini kukauka ni kawaida, yanazeeka hayo.

Kuhusu aina ya kuchagua, ile ya Cape inastahimili sana na Nairobi, Arusha, Mbeya au Iringa itafurahi. Pwani nayo inaishi ukiiepusha na jua kali la saa saba. Zile za Ulaya kama aliyoichuma Darwin ziache, zinahitaji baridi ya miezi kadhaa zilale. Kuna nyingine, Drosera madagascariensis, ambayo inaota yenyewe huku kwetu, kwenye vinamasi vya Tanzania, Uganda na Congo, na Madagascar wanaichuma kwa ajili ya dawa za kikohozi zinazouzwa Ulaya. Ukiikuta porini ipige picha uiache, vinamasi vyake vinakaushwa kwa mashamba na ukiing'oa mara nyingi inafia njiani.

Na wala huna haja ya kung'oa porini, ukiwa na mmoja wa Cape utagawa mtaa mzima. Unatoa kikonyo kirefu chenye maua ya pinki, kinachoyaweka maua mbali na majani yanayonasa, na hata nyuki wasipokuja maua yanajichavusha yenyewe, kisha vinatoka vimbegu vyeusi vyembamba kama vumbi. Vinyunyizie juu ya udongo uliolowa, usivifukie, vinataka mwanga ndo viote. Au kata jani zima lenye afya uliache lielee kwenye kopo la maji ya mvua dirishani, baada ya wiki kadhaa utaona vijimmea vinachipua juu ya jani lenyewe, na hivo tayari vina vinywele vyenye matone.